Kipande cha Mwili na Jina Lake: Somo juu ya Kazi ya Maabara ya Tishu

Mtu akivunjika mguu, daktari humpiga picha ya eksirei, na mara hiyo huuona mfupa ulipovunjika. Mtu akishikwa na malaria, tone moja la damu yake latosha, na majibu hupatikana siku ile ile. Lakini uvimbe ni jambo jingine. Uvimbe waweza kuwa jipu. Waweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika tezi. Waweza kuwa donge lisilo na madhara, ambalo mtu angeweza kukaa nalo hata uzeeni. Tena waweza kuwa saratani. Kwa nje mambo haya manne huweza kufanana sana, na hata mkono wa daktari mzoefu waweza kudanganyika.

Kwa hiyo daktari hukata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe ule, au huchoma sindano nene na kutoa nyuzi chache za nyama, kisha huzipeleka maabara. Nyama hiyo ya mwili wataalamu huiita tishu. Huko maabara hutengenezwa slaidi, yaani kipande cha kioo kilichobandikwa utando mwembamba sana wa tishu, ili daktari wa patholojia autazame kwa hadubini na kutamka ni ugonjwa gani.

Wagonjwa wengi husikia neno hilo la mwisho tu, wala hawajui kazi iliyolitangulia. Twataka kuieleza katika somo hili, kwa sababu kazi hiyo ikiharibika mahali pamoja, hata pawe padogo namna gani, hadubini iliyo bora kuliko zote haiwezi kuitengeneza tena. Zaidi ya hayo, sehemu ya kazi hiyo imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na jamaa zake.

Jina kwanza

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja akaaye Kabiro, upande wa Kawangware, ambaye huuza sukuma wiki na nyanya kando ya njia. Majirani humwita Mama Wafula. Ameona donge titini, akalinyamazia miezi michache kwa hofu, kisha akaenda zahanati, na kutoka huko akatumwa hospitali kubwa. Amekatwa kipande, na sasa karani amuuliza:

“Jina lako nani, mama?”

“Mama Wafula.”

“Hilo ni jina la heshima, mama, nami nalipokea. Lakini naomba lile lililoandikwa katika kitambulisho chako, lote, kama lilivyo.”

Huenda mama akadhani kwamba karani yule apenda kusumbua watu. La, hasha. Katika mitaa kama Kawangware na Kibera majina hufanana mno. Akinyi ni mtoto aliyezaliwa asubuhi, na kila siku asubuhi huzaliwa wengi. Miongoni mwa Wakikuyu watoto hupewa majina ya nyanya na babu zao, hata katika ukoo mmoja wakawako akina Wanjiku wengi walio rika moja. Wanubi wa Kibera nao wana akina Halima na Amina wengi. Tena mtu huyo huyo mmoja huandikwa kwa jina la ubatizo katika zahanati, kwa jina la kitambulisho katika hospitali, na kwa jina la mume wake mahali pa tatu. Hapo mtu mmoja huwa watu watatu katika madaftari, au watu watatu huwa mmoja.

Kosa hilo la pili ndilo baya zaidi. Ikiwa tishu ya mama mmoja imepewa jina la mama mwingine, basi mmoja aweza kukatwa titi pasipo sababu, na mwenzake akarudi nyumbani kwa furaha hali amebeba ugonjwa unaomla. Wala hakuna hata mmoja atakayejua mpaka siku zimepita.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: chombo huandikwa pale pale penye mgonjwa, kabla hajaondoka. Huandikwa jina kamili, nambari ya hospitali, tarehe, na sehemu ya mwili ilikotoka tishu, pamoja na upande, kulia au kushoto. Tena karatasi ya jina hubandikwa ubavuni mwa chombo wala si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko hufunguliwa, na vikifunguliwa viwili pamoja huweza kubadilishana.

Dawa inayozuia kuoza

Kila mtu aliyenunua nyama buchani siku ya joto ajua kwamba nyama haingoji. Tishu iliyotoka mwilini huanza kuharibika mara, na chembe zake hujimeng'enya zenyewe. Dawa inayozuia jambo hilo ni formalini, ile ile inayotumiwa kuhifadhi maiti. Mwaka 1893 daktari mmoja Mjerumani, Ferdinand Blum, alikuwa akiijaribu dawa hiyo ili ajue nguvu zake za kuua vijidudu. Akaona kwamba ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekuwa ngumu. Akatambua kwamba dawa iliyokausha vidole yaweza pia kukaza tishu na kuihifadhi. Tangu siku hizo formalini imekuwa mlango wa kuingilia kazi hii duniani kote.

Formalini ya maabara haitumiwi kali kama inavyotoka kiwandani. Huchanganywa sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji, na hutiwa chumvi maalumu za kuondoa uchachu wake. Chumvi hizo zina maana kubwa katika nchi zetu. Formalini iliyochacha huacha ndani ya tishu chembechembe za rangi ya kahawia nyeusi, nazo hufanana sana na zile ziachwazo na malaria. Mtu asiye mwangalifu aweza kuona ugonjwa ambao haupo.

Yafaa kukumbuka mambo manne. Kwanza, upesi: tishu ya titi yapasa itiwe katika formalini kabla ya saa moja kwisha tangu ilipotolewa. Pili, wingi: dawa iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kipande. Kipande kilichobanwa katika chupa yenye dawa kidogo huoza katikati, ijapokuwa kwa nje chaonekana kizuri. Tatu, chombo kiwe na mdomo mpana. Tishu laini hupita katika shingo nyembamba ya chupa, lakini ikishakazwa na dawa haitoki tena bila kuvunjwa. Nne, muda: kwa tishu ya titi wataalamu wameweka kipimo cha saa 6 hadi 72, yaani isipungue wala isizidi.

Formalini huingia polepole, kadiri ya milimita 1 kwa saa. Kwa sababu hiyo donge kubwa likitumbukizwa zima katika ndoo, nje hukazwa na ndani huharibika. Yapasa lipasuliwe kwa utaratibu ili dawa ifike ndani.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani saa chache zikipita? Tumrudie mama yetu. Ikiwa donge lake ni saratani, daktari atataka kujua pia kama chembe za saratani ile zina vipokezi vya homoni. Kama zinavyo, yako madawa ya kumeza, kama tamoksifeni, ambayo huzuia ugonjwa usirudi, na wagonjwa huyatumia miaka 5 au zaidi. Vipokezi hivyo ni vitu dhaifu. Tishu iliyocheleweshwa juani, au iliyotiwa katika maji matupu, huweza kuvipoteza. Kipimo kitasema hakuna, kumbe vilikuwapo. Na mama atanyimwa dawa ambayo ingemfaa. Hiyo ndiyo hasara ya saa chache.

Tena kipande hiki kisigandishwe katika barafu nyumbani, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya chembe hugeuka vijiwe vya barafu na kuzipasua. Nayo formalini yenyewe ni sumu. Huwasha macho na pua, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja kuwa kitu kinachoweza kumletea binadamu saratani. Haifai kabisa kutiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Rangi yake ni ya maji, na mtoto mwenye kiu hasomi karatasi.

Kaseti, penseli na nta

Sasa chombo kimefika maabara. Jambo la kwanza analofanya fundi ni kulinganisha karatasi na chombo. Majina yakitofautiana, kazi husimama mpaka ukweli upatikane. Kisha kipande hupewa nambari ya maabara, na nambari hiyo hukifuata mpaka mwisho: katika daftari, katika kaseti, katika slaidi na katika barua ya majibu.

Daktari au fundi hukitazama kipande kwa macho matupu, hukipima kwa rula, huandika rangi na umbo lake, kisha hukata vipande vidogo vyenye unene wa milimita 3 au 4. Kila kimoja hulazwa katika kaseti, yaani kijisanduku cha plastiki chenye matundu ya kupitisha dawa. Hapa pana siri ndogo ambayo kila mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza: kaseti huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika alkoholi na kutoweka, na asubuhi fundi hukuta kaseti safi zisizo na jina. Penseli ya shilingi chache hushinda kalamu ya bei kubwa.

Usiku mashine hufanya kazi yake. Tishu imejaa maji, na maji hayapatani na nta. Basi maji huondolewa kidogo kidogo kwa alkoholi, kwanza ile ya asilimia 70, kisha ya asilimia 90 na kitu, mwisho ile isiyo na maji kabisa. Nguvu ya alkoholi huongezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa tishu ikikaushwa ghafula hujikunja na kukakamaa. Baada ya alkoholi huja zailini, ambayo huisukuma alkoholi nje, kisha nta iliyoyeyushwa kwa joto la kadiri ya digrii 60 za Selsiasi huingia mahali pote palipokuwa na maji.

Umeme ukikatika usiku na maabara haina jenereta, nta huganda na mashine husimama njiani. Tishu huachwa kwa saa nyingi katika dawa isiyopasa. Ndiyo maana fundi mwenye busara huuliza habari za jenereta kabla ya kwenda nyumbani, kama vile mchungaji auliziavyo mlango wa zizi.

Asubuhi kipande hupangwa ndani ya nta moto katika kikalibu, na nta ikipoa hupatikana kitofali kidogo cha nta chenye tishu ndani yake. Namna ya kukilaza kipande ni jambo kubwa. Kipande cha ngozi husimamishwa wima, ili slaidi ionyeshe tabaka zote kutoka juu hadi chini. Kikilazwa kifudifudi, daktari huona tabaka moja tu, na hawezi kujua ugonjwa umechimba hadi wapi.

Utando mwembamba kuliko unywele

Kitofali hukatwa kwa mashine yenye kisu kikali iitwayo mikrotomu. Unene wa kila utando ni maikroni 3 hadi 5. Maikroni 1 ni sehemu moja katika sehemu elfu za milimita, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Msomaji na afikiri juu ya fundi ambaye angeweza kuupasua unywele kwa unene wake mara 14 au zaidi! Kitofali hupozwa kwanza juu ya barafu ili kiwe kigumu, na tando hutoka zimeshikana mfano wa utepe.

Utepe huo huelezwa juu ya maji ya uvuguvugu, kadiri ya digrii 45, ili mikunjo ijinyoshe. Kisha fundi huingiza kioo chini yake na kuuinua. Katika hatua hii huzuka hatari nyingine. Chembe za tishu ya mgonjwa wa kwanza huweza kubaki zikielea, zikanaswa na kioo cha mgonjwa wa pili. Kipande cha saratani chenye ukubwa wa nukta, kikielea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, chaweza kuleta msiba katika nyumba isiyo yake. Basi fundi hupangusa uso wa maji kwa karatasi safi baada ya kila kitofali, hata kama amechoka na kazi ni nyingi. Aidha, nambari huandikwa juu ya kioo kabla ya kuuinua utando, wala haiandikwi baadaye kwa kukumbuka.

Tishu katika hali hii haina rangi, na chini ya hadubini huonekana kama ukungu. Hutiwa rangi mbili. Ya kwanza ni hematoksilini, itokayo katika moyo wa mti mmoja wa Amerika ya Kati, nayo hukitia buluu kiini cha kila chembe. Ya pili ni eosini, ambayo hukipaka waridi kilichosalia. Hapo daktari huona viini kama mbegu katika tunda, na huweza kupambanua chembe zilizokaa kwa utaratibu na zile zilizoasi. Mwisho slaidi hufunikwa kwa kioo chembamba kilichopakwa gundi maalumu, ikaachwa ilale mpaka ikauke.

Kazi haijaisha majibu yakitoka

Watu wengi hudhani kwamba barua ya majibu ikiandikwa, slaidi na kitofali ni takataka. Kumbe hapo ndipo unapoanza utunzaji, na huu ndio sehemu inayosahauliwa mara nyingi.

Nyama iliyosalia katika formalini haitupwi upesi. Chama cha wanapatholojia wa Marekani kimeagiza ihifadhiwe majuma 2 baada ya majibu kutiwa sahihi, ili kama pana shaka ipate kutazamwa tena. Slaidi na vitofali vya nta, chama hicho kimeagiza vihifadhiwe miaka 10.

Slaidi moja ina urefu wa milimita 75 na upana wa milimita 25, na uzito wa gramu 5 hivi. Ni kitu chepesi mkononi. Lakini slaidi 100,000 zina uzito wa kilo 500, nazo ni nyingi kwa sakafu ya mbao au rafu dhaifu. Makabati yake yapasa yawe ya chuma, yasimame juu ya sakafu imara, na droo zake zisijazwe hata zisifunguke.

Slaidi hupangwa zikiwa zimekauka kabisa. Zikiwa bado na gundi mbichi hushikamana, na kuzibandua ni kuzivunja. Hupangwa wima, kwa mwaka na kwa nambari, mahali pasipo na jua, kwa kuwa nuru hufifisha rangi. Vitofali vya nta navyo vyataka mahali pakavu na pa baridi. Chumba chenye paa la mabati kisicho na dari hakifai, kwa sababu mchana nta hulainika na vitofali hushikana. Tena panya na wadudu hupenda kutafuna nta pamoja na tishu iliyomo. Fundi mwangalifu huupaka uso uliokatwa nta mpya kabla ya kukirudisha kitofali mahali pake, ili tishu isikauke wala isiliwe.

Mtu akiazima slaidi, kadi huwekwa mahali pake ikiwa na jina la aliyeichukua na tarehe. Bila kadi hiyo slaidi hupotea bila ya kuibwa: ipo mezani pa mtu, lakini hakuna ajuaye ni meza gani. Madaftari nayo yawe mawili, moja la karatasi na moja la kompyuta, kwani yapo yaharibuyo karatasi na yapo yaharibuyo kompyuta.

Habari ya kitofali cha Kinshasa

Labda mtu atasema kwamba kutunza nta ya zamani ni kupoteza nafasi. Na asikilize habari hii.

Mwaka 1960, katika mji wa Leopoldville, ambao leo huitwa Kinshasa, mwanamke mmoja alikatwa kipande cha tezi. Fundi ambaye jina lake halikuhifadhiwa katika habari hii alikitengeneza kwa dawa na nta, kama tulivyoeleza, akakiandika na kukiweka. Miaka mingi ikapita, pamoja na misukosuko yote iliyoipata nchi ile. Mwaka 2008 wataalamu walioongozwa na Michael Worobey wa Chuo Kikuu cha Arizona, pamoja na wenzao wa Kinshasa, walitangaza kwamba wamechunguza vitofali vya zamani vya mji ule, na katika kimoja, cha mwanamke yule, wameona alama za virusi vya Ukimwi.

Ugonjwa huo haukutambuliwa na waganga wa dunia mpaka mwaka 1981. Kwa kulinganisha virusi vya kitofali kile na vile vya damu iliyochukuliwa mji huo huo mwaka 1959, wataalamu walikadiria kwamba virusi vilianza kuenea kati ya watu mwanzoni mwa karne ya 20, yaani miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuvijua. Uongo mwingi ulikuwa umesemwa juu ya chanzo cha maradhi yale. Kitofali kidogo cha nta, kilichotunzwa kwa uaminifu, kilijibu baadhi yake.

Katika Kampala nako, Dakta Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1960 wanapatholojia Gregory O'Conor na J. N. P. Davies walitoa maelezo ya uvimbe wa watoto waliotibiwa Uganda, nao wakaonyesha kwamba saratani ya tezi ilikuwa nyingi ajabu miongoni mwao. Uvimbe wa taya na ule wa tumbo, uliodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali, chini ya hadubini ulionekana kuwa jamaa moja. Watoto wengi duniani waliotibiwa ugonjwa huo baadaye wana deni kwa wale walioandika nambari sawasawa juu ya vioo vya Mulago.

Wajibu wa mgonjwa na wa kijana

Turudi Kabiro. Faida ya kutunza haiwahusu wataalamu wa mbali tu. Tuseme Mama Wafula ametibiwa, na baada ya miaka 3 ahamia kwa mwanawe Bungoma, na huko donge latokea tena. Daktari wa huko ataka kujua kama ni ugonjwa ule ule. Ikiwa kitofali cha kwanza kipo, na nambari yake yajulikana, kitaletwa, kikatwe utando mpya, vilinganishwe. Ikiwa hakipo, swali hilo halitapata jibu kamili kamwe, kwa sababu titi lile halipo tena la kukatwa mara ya pili.

Basi yampasa kila mgonjwa afanye mambo haya. Atoe jina la kitambulisho, lile lile kila mahali, na nambari ya simu ambayo haitabadilika upesi, au ya jamaa akaaye mahali pamoja. Ahakikishe kwa macho yake kwamba chombo kimeandikwa jina lake kabla hakijaondoka. Mara nyingine jamaa hupewa chombo wakipeleke wenyewe maabara ya mtaa mwingine. Yule aliyepewa na aende siku ile ile, moja kwa moja, pamoja na barua ya daktari. Asikifungue, asimwage dawa kwa sababu ya harufu, asikiweke karibu na chakula, wala asikilaze nyumbani akingoja mwisho wa mwezi. Ikiwa fedha ya kipimo haijapatikana, aiambie hospitali mapema kabla kipande hakijakatwa, ili njia itafutwe.

Majibu yakitoka, aombe nakala iliyoandikwa, aihifadhi pamoja na kitambulisho na hati zake nyingine. Juu ya karatasi hiyo ipo nambari ya maabara, nayo ndiyo ufunguo wa kabati. Akitaka daktari wa pili ayatazame mambo yake, aweza kuomba slaidi na kitofali vipelekwe kwake, wala si lazima akatwe upya. Majibu yakikawia kupita siku alizoambiwa, aende kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa vijana waliomaliza shule na kupenda sayansi, kazi hii ni ya heshima. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya kilianza mwaka 1927, na jengo lake la Nairobi lipo kando ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali ambayo nayo ilianza mwaka 1901 na ambayo mtu wa Kibera aweza kuiendea hata kwa miguu. Wako vijana wanaopita mbele ya milango hiyo kila siku wakienda kutafuta kibarua mjini, wala hawajui kwamba ndani yake hufundishwa ufundi wa mikono na macho ambao nchi yahitaji sana.

Fundi wa tishu mara nyingi hamjui mgonjwa kwa sura, wala mgonjwa hamjui fundi. Hawatasalimiana wala kushukuriana. Mama yule wa Kabiro atakapoketi mbele ya daktari, akishika kitambaa chake kwa mikono miwili na kungoja neno, neno hilo litakuwa limepita katika chombo kilichoandikwa ubavuni, katika kaseti iliyoandikwa kwa penseli, na katika maji yaliyopanguswa. Mambo hayo yakiwa yamefanyika sawasawa, neno atakaloambiwa litakuwa la kweli, nalo litakuwa lake mwenyewe.